Kutoka masika hadi Mwaka Kogwa: picha za ndege wa uani na sherehe yetu Makunduchi (uzi mrefu)

#1 Mwanauani

Assalaam aleikum wanajamvi, na salamu kwa wote.

Wiki iliyopita niliweka picha tano za minana, wale ndege wanaosuka viota, watu wakauliza zimepigwa wapi na kwa lenzi gani. Zimepigwa uani kwa bibi yangu, Makunduchi, kusini ya Unguja, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jiko. Nimeona nifungue uzi nieleze yote, tangu mvua za Machi mpaka Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, mwezi wa Julai.

Mimi ni mwalimu wa skuli. Picha napiga kwa mapenzi tu. Kamera ni Canon 700D niliyoinunua mkononi mwa mtu, na lenzi ya milimita 55 mpaka 250. Uani kuna minazi miwili, mmoja kitamli mfupi, migomba kama kumi hivi, mpapai, mstafeli na kisima. Basi. Sijakwenda mbugani hata siku moja kwa ajili ya picha hizi.

Ulaya wakiingia majira yao ya kuchipua, kwetu ndiyo masika yanaingia. Mvua mbili tatu zikishapiga, majani yanatoka, wadudu wanajaa, na dume la mnana linawaka manjano kama embe bivu. Vitabuni mtamkuta kwa jina la kwera. Sisi tunamwita mnana.

Namna anavyojenga nimeitazama asubuhi nyingi na bado sijaichoka. Anatua juu ya kuti, anauma ukingo wa jani, kisha anaruka bila kuliachia, na utepe mwembamba unachanika kumfuata. Utepe wa kwanza anaufunga kwenye ncha ya kuti, unaofuata anaupitisha humo, mpaka inapatikana pete. Pete tu, wazi mbele na nyuma. Anasimama ndani ya pete ile kama mtu aliyesimama mlangoni kwake, na kuanzia hapo anasuka kadiri mdomo wake unavyofika. Ukubwa wa nyumba unapimwa kwa urefu wa shingo yake. Ikikamilika, anajining'iniza chini ya kiota kichwa chini, anapepea mbawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi moja moja kwa mdomo. Asiporidhika anaondoka. Kiota kikinyauka bila kupata mwenyewe, dume anakivunja na kuanza tena kwenye kuti lile lile. Dume mmoja wa kwenye kitamli alijenga mara tatu. Ya tatu ndiyo mliyoiona kwenye picha, jike kichwa kimo ndani.

Picha ile: spidi ya shata 1/1250 ya sekunde, tundu la lenzi 5.6, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800, saa 1 na robo asubuhi. Ikifika saa 3 nafunga begi. Jua letu likishapanda linachoma manjano yote, manyoya yanageuka karatasi.

#2 Mwanauani

Naendelea. Hapa nataka kusema jambo ambalo limenikaa moyoni.

Mwezi wa Aprili kulikuwa na kiota kwenye kitamli ambacho sikuweza kukipata vizuri. Kuti moja kavu lilikuwa limening'inia mbele yake. Ndani kulikuwa na makinda, nilisikia sauti zao kila mama anapotua. Nikachukua panga, nikalikata kuti lile. Nikapata picha safi kabisa, mwanga umeingia vizuri, mama ana panzi mdomoni.

Kesho yake asubuhi kunguru wawili walikuwa juu ya mnazi. Kiota kimechanwa ubavuni, kimya. Bibi alikuwa anafagia uwanja, akaliangalia kuti nililokata, akaniambia, "Umewafungulia mlango."

Kunguru hawa si wa asili yetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, ili wale taka za mjini. Wakazaana, wakavuka bahari, na leo ndio wakubwa wa pwani yote. Wana akili. Wanatazama mtu anapokwenda. Ukisimama kila siku chini ya mti mmoja umeinua kichwa, nao wanajua hapo pana kitu.

Picha ile sijaiweka popote na sitaiweka. Tangu siku hiyo sikati hata jani. Kiota chenye makinda nakipita, nasubiri watoke. Na picha za ujenzi wa kiota ndizo nzuri zaidi, kwa sababu hapo dume mwenyewe anataka kuonekana.

#3 Kibo_Kaskazini

Mkuu shikamoo kwa kazi hii. Mimi niko Moshi, bustani nyuma ya nyumba ina kahawa kidogo na migomba, chozi wanakuja kila siku. Shida sina kamera, nina simu tu, na nikisogea wanaruka. Halafu nikifanikiwa, chozi anatoka mweusi tii wakati kwa macho namuona anang'aa kijani na zambarau. Nakosea wapi?

#4 Mwanauani

Marahaba Kibo, ahsante.

Kuhusu weusi hukukosea sana. Ule mng'ao wa chozi hautokani na rangi iliyopakwa kwenye unyoya. Unatokana na umbo la unyoya wenyewe linavyorudisha mwanga, kwa hiyo unauona kutoka upande mmoja na upande mwingine haupo. Jua liwe mgongoni kwako, na yeye akuelekee kifua. Akigeuza shingo kidogo tu, anawaka, akirudisha, amezimika. Piga nyingi kwa mfululizo. Katika ishirini utapata mbili.

Kuhusu simu, usimfuate. Kwa migomba uliyonayo umeshabarikiwa, maana chozi anapenda sana ua la mgomba, anarudi kwenye mkungu ule ule kila baada ya dakika chache. Iegemeze simu kwenye kijiti au kistuli mita moja kutoka kwenye ua, chomeka spika za masikioni zenye waya mrefu, ukae mbali. Kwenye simu nyingi kile kitufe cha kuongeza sauti kinafyatua picha. Siku ya kwanza ataiogopa simu, siku ya tatu ataizoea.

Na weka maji. Sisi tumeweka chungu kipana karibu na kisima, maji kina cha vidole viwili, na jiwe katikati. Shore ndio wa kwanza kuja, kelele nyingi. Kisha tetere, taratibu, anazunguka chungu kizima kabla ya kuingia. Akishaingia anajilaza ubavu, anainua bawa moja juu kama mtu anayenyoosha mkono apakwe sabuni, anatulia hivyo, matone yanamteremka. Pale ndipo pa kupiga, na spidi si lazima iwe kubwa, 1/500 inatosha.

La mwisho. Mimi nikikaa peke yangu uani, ndege wananyamaza. Nikikaa kando ya bibi wakati anakuna nazi, wanaendelea na yao, kwa sababu wamemzoea, na wanajua chicha itamwagwa. Ukiwa na mtu nyumbani ambaye ndege wamemzoea, kaa naye.

#5 Baharia_Mstaafu

Mwanangu Mwanauani, umeandika vizuri na Mungu akuzidishie. Umetaja majira ya kuchipua ya Ulaya na Mwaka wetu pamoja, nami nataka kuongeza kitu ambacho vijana wengi hawakipati.

Mwaka Kogwa ni Nairuzi, Siku ya Mwaka. Asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi, ule ambao Iran mpaka leo wanauanza mwezi Machi, siku usiku na mchana vinapolingana, miti inachipua. Hii ilikuwa sikukuu ya machipuo. Basi imekuwaje kwetu iko Julai? Kwa sababu mwaka wetu wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza. Jua linataka siku 365 na robo. Kila miaka minne tunatangulia siku moja. Hesabu karne baada ya karne utaona sikukuu ilivyotembea kutoka masika ikarudi nyuma hadi katikati ya kusi, majira ya upepo wa kusini.

Sisi mabaharia tulihesabu kwa mwaka huu. Siku ya kwanza Nairuzi, kisha miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36, na zinabaki siku tano tunaziita gatha. Nahodha akikwambia tuko mwongo wa mia, yaani ule unaofikia siku ya mia tangu Nairuzi, anajua upepo gani unakuja na kama jahazi litoke au libaki. Mkulima naye alijua apande lini. Miezi ya mwandamo haikufai kwa hayo, maana inazunguka majira yote.

Ukipiga picha za Mwaka mwakani, tafuta wazee wanaojua hesabu hiyo. Wamebaki wachache.

#6 Mwanauani

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma mara mbili na nimemsomea bibi. Amesema baba yake alikuwa anahesabu miongo kwa vidole akiwa amelala kitandani. Nitafanya hivyo, inshaallah.

Sasa niingie kwenye Mwaka wenyewe.

Sherehe ni siku nne, lakini siku ya kwanza ndiyo kubwa. Jana yake jioni vijana walipita nyumba kwa nyumba kutafuta mabua ya migomba. Wakaingia uani kwetu. Bibi akawaonyesha migomba mitatu iliyokwisha kuvunwa, akawaambia chukueni hii, ule wenye ua muuache, una chozi. Vijana wakubwa wale, wamekuja na mapanga, wakasogea taratibu kwenye mgomba wenye ua wakachungulia. Chozi alikuwepo. Nina picha yao watatu wameinua nyuso, panga liko chini. Katika picha zote za mwaka huu, naipenda hiyo kuliko zote.

Asubuhi ya siku yenyewe watu huenda baharini kukoga, ndipo jina linapotoka. Makunduchi inatazama mashariki, jua linatoka baharini. Nilifika ufukweni saa 12. Sikupiga watu wanaokoga. Nilipiga migongo yao wakati wanarudi, kanga zimelowa, wamebeba viatu mkononi.

Kisha uwanjani, Kae Kuu. Wanaume wa upande wa kusini wa mji na wa upande wa kaskazini wanakabiliana kwa mabua yale. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakitoa pale, na vita vikiisha vimeisha, watu wanashikana mikono. Mapigo ni ya kweli, msidhani ni maigizo. Bua bichi la mgomba lina maji, likimpata mtu begani linapasuka na kurusha matone. Hayo matone ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Spidi 1/1600, nimepiga magoti ili anga liwe nyuma yao, nimekaa upande ambao kusi haliniletei vumbi. Mwaka jana nilisimama upande wa pili wa upepo, nikarudi na kamera imejaa mchanga, lenzi ikawa inakwaruza kila nikiizungusha mpaka fundi alipoifungua. Funika kamera kwa mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi, funga kwa mpira.

Halafu kibanda cha makuti. Kinajengwa uwanjani, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto naye anatoka mbio kabla hakijashika sawasawa. Wazee wanautazama moshi unavyoelekea. Hapa watu wote wanaelekeza kamera kwenye moto. Geuka nyuma. Nyuso za watoto zimewashwa na moto ule, midomo wazi.

#7 BintiKae

Kaka Mwanauani, mimi ni mzaliwa wa huko huko, naishi mjini. Picha zako za uani nimezipenda, zimenitia hamu ya nyumbani. Lakini naomba niseme jambo, na nalisema kwa uchungu.

Wakati wanaume wanapigana, sisi wanawake tunapita kuzunguka uwanja tumevaa doti mpya, tunaimba. Ni nyimbo zetu, nyingine zina maneno ambayo huyaimbi siku nyingine yoyote ya mwaka. Miaka michache nyuma mtu alinipiga picha nikiimba, mdomo wazi, kanga imeteleza begani. Hakuniuliza. Picha ile nikaja kuiona kwenye tangazo la hoteli moja ya ufukweni, kubwa, na mama yangu akaiona kabla yangu. Nilipoenda kuomba waiondoe, nikaambiwa ilipigwa hadharani. Hadharani ndiyo, lakini hadhara ile ni ya kwetu. Nilikuwa mbele ya shangazi zangu na majirani zangu, si mbele ya wasafiri wa uwanja wa ndege.

Umesema ndege mwenye makinda unampita. Je, sisi?

#8 Mwanauani

Dada BintiKae, pole sana, na una haki.

Nieleze ninavyofanya, unisahihishe pale ninapokosea. Wanawake wanaoimba sipigi karibu mpaka niwe nimemuona yule anayeongoza nyimbo na amenikubalia. Mwaka huu nilikwenda kwake siku mbili kabla, pamoja na bibi. Akaniambia piga miguu na mapindo ya kanga, nyuso piga za wale watakaokutazama na kucheka. Ndivyo nilivyofanya. Aliyegeuza uso nilishusha kamera.

Pili, picha ninazirudisha. Mwezi wa Agosti nilisafisha picha 34 kwa pesa yangu, nikazipeleka mkononi, nyumba kwa nyumba. Wawili waliniomba nifute zao, nikafuta mbele yao. Humu sijaweka uso wa mwanamke hata mmoja bila ruhusa yake. Hoteli imenitumia ujumbe ikitaka zile za ngoma, nimekataa.

Kama kuna la kuongeza, niambie.

#9 BintiKae

Ahsante kwa kunijibu kwa heshima. Ongeza hili: watoto muulize mama zao, si wao wenyewe, mtoto atakubali kila kitu. Na nyimbo msirekodi sauti.

#10 Mwanauani

Nimelipokea. Na hizo nyuso za watoto kwenye moto nilizozisifu hapo juu, niliziuliza nusu tu. Nitazunguka kwa mama zao wote kabla ya kuweka yoyote.

#11 Mvitani

Salamu kutoka Mombasa. Hapo kwa kunguru umenena, hapa kwetu ndio hivyo hivyo, mpaka kifaranga cha kuku hakibaki. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hawa milioni moja. Mimi natamani siku moja nione minana wakijaa tena kwenye minazi ya Old Town.

Nami ni mpenzi wa picha za sherehe, ila zangu ni za Maulidi ya Lamu, mfungo sita, pale Msikiti wa Riyadha aliouanzisha Habib Swaleh. Mzee Baharia amesema kweli kuhusu miezi ya mwandamo. Nimewahi kupiga Maulidi kwenye mvua na nimewahi kupiga kwenye jua kali, mahali pale pale, barabara ile ile ya pwani wanapokimbiza punda. Ushauri wangu wa punda: usisimame mwisho wa mbio. Simama pale njia inapopinda, punda anapunguza mwendo, mpandaji anainama, na huko ndiko uso wake unapoonekana.

Swali: uani kwenu mna keremkerem? Natafuta mtu aliyempata akimpiga nyuki kwenye kijiti.

#12 Mwanauani

Ndugu Mvitani, tunao, wanakaa kwenye waya wa umeme nje ya ua. Kumpiga nyuki nimemuona mara nyingi, anamgonga na kumsugua mpaka mwiba utoke ndiyo ammeze. Picha bado. Waya uko juu mno kwa lenzi yangu, natoka na tumbo la ndege na anga jeupe.

#13 Ughaibuni_Plymouth

Wapendwa, nasoma uzi huu nikiwa Plymouth, Uingereza, na nimepiga simu nyumbani Tanga baada ya kuusoma.

Huku majira ya kuchipua ni kitu kikubwa kwa kila mwenye kibustani. Ndege wa kwanza niliyemjua kwa jina ni robin, mdogo, kifua rangi ya chungwa. Ukichimba ardhi anakuja mpaka karibu na buti lako kuokota minyoo, kwa hiyo wala huhitaji lenzi ndefu. Jirani yangu, mama wa makamo, ndiye aliyenifundisha. Kila Januari, RSPB, shirika lao la kulinda ndege, linawaomba watu wakae saa moja wahesabu ndege wa bustanini kwao. Wamefanya hivyo tangu 1979. Mimi na yeye tunakaa dirishani na chai.

Lakini kinachonigusa ni mbayuwayu. Mwezi wa Aprili anafika, anajenga kwa tope ndani ya banda la zana la jirani. Amekuja karibu kilomita 10,000 kutoka kusini mwa Afrika. Mwaka wa kwanza nilipomuona anaingia banda lile nilikaa nje nikalia, sikujali baridi.

Na sherehe wanazo. Tarehe 1 Mei nilikwenda Padstow, Cornwall, wanacheza farasi wao, mtu yumo chini ya duara kubwa la kitambaa cheusi na barakoa, ngoma na akodiani nyuma yake, watu wote nguo nyeupe na vitambaa vyekundu au vya buluu shingoni. Nilimuuliza mzee mmoja kama naweza kupiga picha. Akaniuliza kwanza natoka wapi, kisha akanifunga kitambaa cha buluu. Picha nilizopiga baada ya kufungwa kitambaa kile hazifanani kabisa na za kabla. Watu waliacha kunitazama kamera.

#14 Mwanauani

Ughaibuni, umenifurahisha mno. Tuwekee ya mbayuwayu bandani, tafadhali, hata kama ina giza. Sisi tunawaona Machi wamejipanga kwenye waya wakijiandaa kuondoka, halafu hatujui tena habari zao.

Wengi wameniuliza faraghani kuhusu Julai ijayo. Jibu ni ndiyo, karibuni. Makunduchi siku ya Mwaka nyumba isiyo na mgeni haina raha, kwa hiyo mnatusaidia sisi. Njooni siku tatu kabla, ili mkae uani, ndege wawazoee na watu wawazoee. Leteni mfuko wa nailoni wa kamera, na wanawake waje na kanga.

Atakayekuja aniandikie mapema. Bibi ameshaniuliza mara mbili wageni ni wangapi, anataka kujua atenge mchele kiasi gani.